Simaloi na Mbuzi wa Magunzi

Asubuhi ya kijiji cha Olmotonyi ina baridi yake. Ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa juu ya migomba. Ng'ombe wanatoa moshi puani kama wazee wanaovuta tumbaku. Saa hiyo Koko Nashilu ameshamaliza kukamua. Anakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, blanketi begani, anasubiri watoto wa shule wapite.

Koko ni bibi. Ndivyo Waarusha wanavyoita. Na kwa Waarusha, mtoto akikutana na mtu mzima haishii kwenye kusema shikamoo. Anainamisha kichwa. Mtu mzima anaweka kiganja juu ya utosi wake. Mtoto aliyeguswa kichwa anaondoka na baraka.

"Koko!" watoto waliita asubuhi ile.

Vichwa vikaja kimoja kimoja. Vingine vimenyolewa, vingine vina vumbi la jana.

"Wewe Oscar, kichwa hiki kimeoga lini?"

"Jumapili, koko."

"Jumapili ya mwaka gani?"

Watoto wakacheka. Nashilu naye akacheka.

Wa mwisho alikuwa mjukuu wake mwenyewe, Simaloi, mtoto wa miaka saba. Alisimama mbali, mgongo wake umegusa mparachichi, mfuko wa madaftari ameukumbatia kifuani.

"Simaloi, njoo nikusalimie uende shule."

Simaloi hakuja. Nashilu alinyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani, hauna kichwa cha kushika.

"Simaloi siku hizi hana adabu," Oscar alisema.

"Nyamaza! Nani kakuuliza?" Nashilu alimkaripia. Lakini moyoni aliona aibu. Mtoto wa nyumba yake, kumnyima kichwa bibi yake mbele za watu! Alisimama, akamfuata, akamshika bega, akamwinamisha kwa nguvu.

Simaloi hakulia. Alikauka kama ukuni. Halafu mkojo ukamtiririka miguuni, mpaka kwenye soksi nyeupe za shule.

Nashilu akauondoa mkono wake haraka, kana kwamba ameshika kaa la moto.

*

Simaloi hakuwa hivyo zamani. Mama yake, binti wa Nashilu, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Nashilu akamlea kwa maziwa na loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Akakua mchangamfu, mwenye maneno mengi. Majirani walimwita Redio.

Kisha Meshack akasema, "Mama, mlete Kisongo asome kwangu. Huku shule ni nzuri."

Meshack ni mtoto wa kwanza wa Nashilu. Kwa Simaloi ni mjomba. Nani anamkatalia mjomba kumsomesha mtoto? Simaloi akaenda.

Likizo ilipofika akarudi amekonda. Redio imezimika. Nashilu alipomwogesha aliona makovu mgongoni, na kichwani nywele zimenyofoka. Akamwita jirani yake Marta, mama wa Kimeru aliyeolewa pale Olmotonyi, mwalimu wa shule ya Jumapili kanisani.

Marta aliangalia. Akafunika mdomo.

"Mama Meshack," alisema polepole, maana ndivyo alivyozoea kumwita, "hili si la kunyamazia."

Wakampeleka mtoto hospitali. Wakaenda polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Ikajulikana kwamba Meshack alikuwa anampiga, anamkamata kichwa na kumburuta, kisha anamfungia kwenye stoo ya pumba. Polisi walimkamata. Baadaye alitoka kwa dhamana, akaambiwa asimsogelee mtoto mpaka kesi iishe. Simaloi akabaki kwa bibi yake, akasoma shule ya Olmotonyi.

Ofisa ustawi wa jamii akamwambia Nashilu, "Bibi, pale Kwa Mrombo kuna kituo kinasaidia watoto walioumizwa. Mpeleke."

Nashilu hakumpeleka. Aliona vidonda vimekauka. Alisema, mtoto akila akashiba, atasahau.

Ngozi ilipona. Mtoto hakupona. Alikojoa kitandani. Alishtuka mlango ukigongwa. Na kila mgeni aliyekuja kutoa pole, Nashilu alimwita mtoto na kumwambia, "Hebu mweleze mama huyu, mjomba alikufanya nini?" Alidhani akisema mara nyingi uchungu utaisha. Lakini kila alipoulizwa, Simaloi alizidi kuwa bubu.

Wakati huohuo, wazee wa ukoo wakawa wanazungumza lao. Mzee Solomoni, mdogo wa marehemu mume wa Nashilu, alikuja akakaa, akanywa chai.

"Shemeji," alisema, "nyumba haichomwi kwa sababu ya panya. Meshack amekosa, amekubali. Ataleta kondoo na asali. Mtoto atainamisha kichwa, mjomba wake atamshika, atamwombea baraka. Tutakula, yataisha. Wewe utakwenda polisi useme tumeelewana."

Nashilu alitazama chini. Meshack ni mwanawe. Alimbeba mgongoni akichuma kahawa za watu.

"Sawa," alisema.

Wakapanga iwe Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno.

*

Siku chache baada ya soksi kulowa, Nashilu alikuwa anapukuchua mahindi. Simaloi alikaa nyuma ya jiko na magunzi. Watoto wote wa Olmotonyi wanacheza na magunzi. Gunzi refu ni ng'ombe, fupi ni mbuzi.

Nashilu alichungulia. Simaloi alikuwa na gunzi moja dogo. Aliligonga chini. Akaligonga tena. Kisha akalitia kwenye kopo la siagi, akafunga mfuniko, akaweka jiwe juu. Akakaa, anatazama kopo. Baada ya muda akalitoa, akaligonga, akalifungia tena.

"Mchezo gani huo wa mkosi?" Nashilu alifoka. Akayakusanya magunzi yote, akayatupa kwenye moto.

Simaloi akapiga ukelele. Ukelele mkubwa, wa kwanza tangu arudi Kisongo. Marta aliusikia toka kwake, akaja mbio na mikono ina unga.

"Kuna nini?"

"Huyu mtoto ameharibika, Marta. Anacheza michezo ya ajabu. Anafungia magunzi kwenye kopo!"

Marta alitazama kopo. Akatazama moto. Akakaa chini.

"Mama Meshack, hakuharibika. Amekuambia. Wewe umemtia maneno yake motoni."

Nashilu akageuka kutazama moto.

"Kesho tunakwenda Kwa Mrombo," Marta alisema. "Na nauli usiniambie huna. Nimekuona jana ukiuza maziwa."

*

Kituo kilikuwa nyumba ya kawaida, jirani na soko. Nje kelele za wauza nyanya, ndani kimya. Mwanamke kijana akatoka na kanga kiunoni.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama. Mimi naitwa Anna."

Kisha akachuchumaa mbali kidogo na Simaloi. Hakumgusa. "Habari Simaloi. Kuna chumba changu hapa kina vitu vya kuchezea. Ukitaka kukiona, mlango uko wazi. Na utabaki wazi. Bibi atakaa palepale utakapomwona."

Simaloi alichungulia. Mchanga kwenye beseni. Wanyama wa mbao. Wanasesere wa kitambaa, wakubwa na wadogo. Ngoma, rangi, udongo, vikombe vya kupikia vya watoto. Akaingia, akarudi kuhakikisha bibi yupo, akaingia tena.

Saa ya mchezo ilipokwisha Anna alimpa Marta nafasi ya kukaa na mtoto, akaja kwa Nashilu.

"Haya, mwanangu," Nashilu alisema, "umempa dawa gani?"

"Amecheza, bibi."

"Amecheza! Nimetoka Olmotonyi kuja kumtazama mtoto akicheza? Kucheza si hata zizini anacheza?"

Marta akacheka kule alikokuwa. Anna naye akatabasamu.

"Bibi, wewe ukiwa na jambo zito unafanyaje?"

"Nakwenda kwa Marta. Nasema. Nalia kidogo. Narudi."

"Unasema. Umepata maneno. Mtoto wa miaka saba aliyeumizwa hana maneno hayo. Hata watu wazima wengine hawana. Lakini mikono yake inayo. Anachukua wanyama, anachukua mchanga, anakitoa nje kile kilichomuumiza, anakitazama kikiwa kidogo. Kule stoo, mkubwa alikuwa mtu mwingine. Hapa kwenye mchezo, mkubwa ni yeye. Akitaka mlango ufunguke, unafunguka. Akifanya hivyo tena na tena, hofu inapungua. Hii inaitwa tiba ya michezo. Nimeisomea."

"Na wewe unafanya nini? Unamtazama tu?"

"Nakaa naye. Simwambii acheze nini. Simuulizi mjomba alifanya nini. Hiyo ni kazi ya polisi na mahakama, na walishamuuliza. Nasema ninachokiona: 'Mbuzi huyu amefungiwa.' Ajue kuna mtu anaona na haogopi. Akitaka kumpiga mwanasesere, ampige. Kujiumiza au kuniumiza mimi, hapana. Hiyo ndiyo mipaka yetu."

Nashilu akasema kwa sauti ndogo, "Nilichoma magunzi yake. Alikuwa analifungia moja kwenye kopo."

"Ulikuwa hujui," Anna alisema. "Mchezo wake ukikutisha, usiukatize. Labda kama kuna hatari ya kuumia kweli. Na usikimbilie kuutafsiri. Kopo laweza kuwa stoo leo, kesho likawa sufuria tu."

"Na salamu? Ananinyima kichwa, mwanangu. Mimi niliyemlea!"

"Bibi, mjomba alimshika wapi alipomburuta?"

Nashilu akaweka mkono juu ya kichwa chake mwenyewe. Akakaa hivyo, mkono kichwani, mdomo wazi.

"Mkono wa mtu mzima ukija juu ya kichwa chake," Anna alisema, "mwili wake hauulizi ni mkono wa nani. Unaogopa kwanza. Hajakosa adabu. Mwache asalimie kwa mdomo, au kwa kupunga mkono. Ipo siku atakuletea kichwa mwenyewe. Au hatakuletea. Kichwa ni chake."

Nashilu alishika ncha ya blanketi, akafuta macho. Ndipo akamweleza Anna habari ya kondoo na asali.

"Wazee kupatana ni shauri lenu," Anna alijibu. "Lakini kesi ya kumuumiza mtoto haifutwi na kikao cha ukoo. Na mtoto kuinamisha kichwa kwa mtu yule yule, mbele ya watu wanaomshangilia... Bibi, atajifunza kitu kimoja tu: kwamba hakuna mlango wa kutokea."

*

Wakawa wanakwenda kila Jumatano. Anna hakumsimulia Nashilu kila alichofanya mtoto mle chumbani. "Chumba ni chake," alisema. Badala yake akamfundisha kucheza naye nyumbani: wakati mmoja kila siku, simu imezimwa, mtoto ndiye anayeongoza, bibi anafuata.

Mwanzoni Nashilu alijiona mjinga. Mwanamke mzima wa wajukuu wengi, ameketi chini na magunzi!

"Huyu ng'ombe anatoa maziwa kiasi gani?" aliuliza.

Simaloi akamtazama. "Huyo ni kuku."

"Ooh. Kuku mwenye afya."

Mdomo wa Simaloi ulijikunja kidogo. Hakikuwa kicheko, ila kilitoka kule kule kicheko kinakotoka.

Siku moja kopo la siagi likatoka tena. Nashilu alitaka kuliondoa, lakini alikaa. Simaloi akamfungia mbuzi mdogo. Akaweka jiwe. Kisha akachukua gunzi refu, lenye manyoya mekundu ya mahindi juu, akalisimamisha nje ya kopo.

"Huyu ni koko," alisema.

Nashilu akakumbuka maneno ya Anna: sema unachokiona. "Mbuzi amefungiwa. Koko yuko nje."

"Ndiyo. Anasikia mbuzi analia."

"Anasikia."

"Lakini hana ufunguo," Simaloi alisema, akaondoka kwenda kunywa maji.

Nashilu alibaki na lile gunzi refu. Alikumbuka Simaloi alivyompigia simu kutoka Kisongo: "Koko, nataka kurudi." Naye akamjibu, vumilia mjukuu wangu, elimu ni taabu. Aliangalia barazani, palipopangwa kuchinjiwa kondoo. Mavuno yalikuwa yanakaribia kwisha.

Jioni ile alimpigia Mzee Solomoni. "Shemeji, Jumamosi msije."

"Umechelewa. Kondoo ameshanunuliwa."

"Basi mchungeni."

Akampigia pia ofisa ustawi wa jamii, akamweleza.

*

Jumamosi walikuja vilevile. Mzee Solomoni mbele na fimbo yake, wazee wengine wawili nyuma, na Meshack amevaa koti jeusi, anavuta kondoo kwa kamba. Simaloi aliwaona dirishani. Akajikunja nyuma ya kitanda.

Marta alikuwepo. Aliingia ndani, akakaa sakafuni karibu na mtoto, simu mkononi. Alikuwa ameshampigia ofisa ustawi, naye akasema anakuja na polisi.

Nashilu akasimama mlangoni. Si mwanamke mkubwa wa umbo. Siku hiyo aliujaza mlango.

"Mama, shikamoo," Meshack alisema.

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba msamaha. Mwite mtoto."

"Simwiti."

Mzee Solomoni akagonga fimbo chini. "Nashilu! Tulikubaliana. Ni kichwa tu! Anainama, anaguswa, basi. Kuna ugumu gani?"

"Shemeji, kama ni kichwa tu, inamisha chako."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Solomoni akakasirika.

"Unamchagua mtoto juu ya mwanao wa kumzaa?"

Hapo Nashilu alimtazama Meshack. "Simchagui. Meshack ni mwanangu, na nampenda, na usiku nalia kwa ajili yake. Ndiyo maana namwambia mimi mwenyewe. Meshack, uliambiwa usimsogelee, na umekuja. Mtoto aliniita nikiwa mbali, sikwenda. Leo niko hapa. Mlango huu hupiti. Polisi wanakotaka uende, nenda. Mimi sitakwenda kufuta kesi. Ukitaka baraka, zitafute kwa kusema ukweli mbele ya hakimu."

"Mama, unanifunga!"

"Aliyefungwa alikuwa yule mtoto."

Kondoo alilia. Mzee aliyekohoa alivua kofia, akamgusa Solomoni mkono. "Twende. Mama amesema." Na walipofika barabarani walikutana na gari la polisi linapanda.

Nashilu alipogeuka, alimkuta Simaloi amesimama nyuma yake, ameshika sketi ya Marta.

Kabla jua halijazama Simaloi akaleta kopo na magunzi barazani. Akamfungia mbuzi. Akaweka jiwe. Akasimamisha gunzi refu nje. Kisha akatafuta pale chini, akaokota kipande cha ganda la hindi, akakikunja vizuri, akampa bibi yake.

"Shika."

"Ni nini?"

"Ufunguo. Usipoteze."

Nashilu alikipokea kwa mikono miwili. Akalisogeza gunzi refu polepole mpaka kwenye kopo. Akaondoa jiwe. Akafungua. Mbuzi mdogo akatoka, akazunguka baraza yote, akapanda kwenye goti la Nashilu na kubaki hapo.

*

Haikuisha siku ile. Kuna usiku kitanda kililowa tena. Kuna Jumatano Simaloi alikataa kwenda, na kuna siku alimvunjia Anna ngoma. Anna alikuwa amemwambia Nashilu tangu mwanzo: tiba hii si sindano, ni kama kahawa, inataka misimu. Kesi ya Meshack iliendelea mahakamani. Nashilu aliitwa, akaenda, akasema alichokiona.

Lakini kitanda kikaanza kukauka. Shuleni mwalimu alisema Simaloi ananyoosha mkono. Nyumbani alianza kumsahihisha kila mtu. Marta akasema, "Redio imepata betri."

Na asubuhi moja, ukungu uko juu ya migomba, watoto walipita kama kawaida. Siku hizi Koko Nashilu hashiki kichwa cha mtoto bila kusubiri. Mtoto akiinama, anagusa. Asipoinama, anampungia mkono, na Oscar akifungua mdomo kusema habari ya adabu, anaulizwa kwanza ameoga lini.

Simaloi alikuwa wa mwisho, pale kwenye mparachichi. Nashilu akampungia mkono. "Nenda salama, mjukuu wangu."

Simaloi hakuondoka. Aliweka mfuko wa madaftari chini. Akaja mpaka kwenye kigoda. Akasimama. Kisha akainamisha kichwa.

Nashilu aliuzuia mkono wake.

"Niweke?"

"Weka," alisema Simaloi. "Lakini usibonyeze. Nimesukwa."

Mkono ukashuka taratibu, kama wa mtu anayefunika kifaranga.

"Haya, inatosha," Simaloi alisema. Akabeba mfuko wake, akakimbia kuwafuata wenzake, anaongea tangu getini.